KUNI ZICHANJWE PALE PALE ZILIPOKATWA

Katika vijiji vingi magogo mabichi huchukuliwa kwanza mpaka nyumbani, ndipo yachanjwe. Twaona ya kuwa desturi hiyo huwachosha watu bure, hasa mama zetu wabebao kichwani, nasi twapenda kueleza sababu.

Mti mbichi, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Achukuaye kilo 100 za kuni hizo amechukua kilo 50 hivi za maji. Lakini kuni zizo hizo zikichanjwa mwituni, zikapangwa juu ya vijiti zisiguse ardhi, na kuachwa mpaka maji yabaki sehemu 1 katika 5, uzito wake hushuka hata kilo 62 hivi. Gogo zima halikauki upesi, kwani ganda lake huyazuia maji yasitoke.

Kwa ajili hiyo huko Ulaya na Marekani hutumika mashine ya kuchanja kuni yenye magurudumu, ivutwayo na motokaa au trekta mpaka penye magogo. Injini huzungusha pampu. Pampu hushindilia mafuta katika silinda. Mafuta nayo husukuma chuma kinacholibana gogo juu ya kabari mpaka lipasuke. Nguvu yake yaweza kufika tani 20 na zaidi. Asili yake ni shinikizo la maji, ambalo Joseph Bramah wa Uingereza alipewa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1795.

Ila mashine hiyo haijui mti wala mkono. Hatari iliyo kubwa ni watu wawili kuitumia pamoja, mmoja akiweka gogo na mwenziwe akishika kishikio. Aliyeweka gogo ndiye peke yake ashike kishikio. Tena iliyo bora ni ile yenye vishikio viwili, isiyokwenda mpaka mikono yote miwili ivishike.

Asiyeweza kununua mashine, kabari mbili za chuma na nyundo nzito zamtosha, pamoja na mkokoteni wa punda. Kichwa cha kabari kikichanua kwa kupigwa, kinolewe, maana vipande vyake huruka na kutoboa macho.

Basi wazee na walimu, jaribuni. Pimeni mzigo mmoja siku ya kuchanja, mkaupime tena baada ya kiangazi. Mizani itawajibu wenye shaka.