Lini Kipengele Kipya Kimeiva? Programu Huria na Upatanisho wa Kisarufi katika Kiswahili

Katika programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadili na kuusambaza, wanaopendekeza mabadiliko ni wengi, lakini wanaoamua lini pendekezo liingizwe katika msimbo mkuu ni wachache. Uamuzi huo huchukuliwa kuwa shughuli ya wahandisi peke yao. Mhadhara huu unadai kuwa ni shughuli ya wanaisimu pia, kwa kuwa kipengele kinaweza kufaulu majaribio yote ya kihandisi na bado kikawa kibichi kwa mtumiaji wa Kiswahili.

Utaratibu wenyewe si wa kubahatisha. Kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, hufungua mlango wa kupokea mapya kwa muda wa wiki 2 hivi baada ya kila toleo. Kisha mlango hufungwa, na wiki kadhaa zinazofuata huwa za kusahihisha makosa tu. Anayechelewa hungoja mzunguko ujao, na kwa kuwa mzunguko huo hauko mbali, hana sababu ya kusukuma kazi mbichi. Mradi wa GNOME, unaotoa toleo jipya kila miezi 6, una pia kipindi ambacho maneno yanayoonekana kwenye skrini hayabadilishwi ovyo, ili wafasiri wayafikie kabla toleo halijatoka. Kipindi hicho huwapa wafasiri muda. Hakiwapi sarufi.

Achukuliwe, kwa mfano, mfanyabiashara wa samaki wa Mkuyuni, kata ya Wilaya ya Nyamagana jijini Mwanza, anayetunza hesabu zake kwa programu huria. Mtunzi wa programu, ambaye hajui Kiswahili, ameongeza kipengele kinachotangaza mzigo uliopokewa. Kwa Kiingereza inatosha sentensi moja yenye nafasi mbili wazi, ya idadi na ya jina la kitu, kwa sababu kitenzi hakijali jina hilo ni lipi. Majaribio yanafaulu na kipengele kinaunganishwa. Ndipo mfasiri anapoletewa sentensi hiyo aifasiri mara moja kwa vitu vyote. Lakini magunia 12 ya dagaa yamepokewa, ndoo 5 zimepokewa, na sangara 40 wamepokewa. Sangara huyo, ingawa umbo la jina lake halibadiliki katika wingi, hudai upatanisho wa viumbe hai hata akiwa amekwisha kugandishwa kwa barafu. Mahali nako kuna kanuni yake: Mwanza ina wateja, lakini Mkuyuni pana wateja.

Itasemwa kwamba zana zipo. Zana ya gettext, inayotumika katika programu huria nyingi, huiruhusu kila lugha kutaja maumbo yake ya idadi, na Kiswahili kimetajiwa mawili, umoja na wingi. Kwa gunia limepokewa na magunia yamepokewa, zana hiyo inafaa. Hata hivyo, inauliza idadi tu, haiulizi ngeli. Matokeo yake ni "sangara 40 imepokewa", na kwa kuwa programu haikusimama, hakuna mhandisi atakayeliita hilo kosa.

Mfanyabiashara naye husoma, hucheka, na kurudi kwenye Kiingereza anachokielewa nusu. Katika hesabu za fedha nusu hiyo ni hatari, kwa maana anaweza kuchanganya mzigo uliopokewa na mzigo uliolipiwa. Aidha, vijana wanaomtazama huhitimisha kwamba Kiswahili hakifai kwa mashine, ilhali kasoro imo katika muundo wa msimbo.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Katika miaka ile mijadala mingi ilihusu istilahi: iwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Mijadala hiyo ilikuwa na haki yake, na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, lina wajibu wa kuisimamia. Lakini neno ndiyo sehemu nyepesi. Neno baya hubadilishwa katika toleo lijalo na mfasiri asiyegusa msimbo. Sentensi iliyoungwa kwa vipande haibadilishwi naye hata kidogo, na kadiri vipengele vingine vinavyojengwa juu yake ndivyo gharama ya kuivunja inavyopanda. Kabla ya kuunganishwa, marekebisho huweza kuwa ya mistari michache tu.

Wafasiri wana mlango wa dharura: huandika "Mzigo uliopokewa: sangara 40", upatanisho ukaangukia mzigo. Ni ufundi mzuri, ila programu nzima ikiandikwa hivyo, lugha yake hugeuka daftari la ghala.

Kinachohitajika ni mjuzi wa Kiswahili mwenye sauti kabla ya uamuzi, si baada yake. Jaribio lake halihitaji mitambo. Aichukue kila sentensi mpya yenye nafasi wazi, ajaze humo gunia, ndoo na sangara, kwanza mmoja mmoja kisha kwa wingi, na asome kwa sauti. Ikikwama hata kwa kimoja, kipengele kirudishwe kwa mtunzi wake na kingoje mlango ufunguliwe tena.