Herufi Ndogo Kwenye Kopo la Praima

Kwa fundi rangi, Laken, sehemu ya jiji la Brussels, ina nyumba za aina mbili. Kuna magorofa ya zege kama ya Cité Modèle kule Heysel, jirani na Atomium, ambayo kuta zake mara nyingi hazina hila: osha, ziba nyufa, paka. Halafu kuna nyumba za matofali zilizobanana mitaani, kuanzia boulevard Émile Bockstael hadi mitaa inayoteremkia mfereji, nyingi zikiwa zimejengwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Hizo ndizo zenye mambo. Ukuta mmoja wa sebule unaweza kuwa umepitia lipu ya chokaa, moshi wa jiko la makaa ya mawe, karatasi za ukutani tabaka juu ya tabaka, sigara za wapangaji wa miaka mingi, na kiraka cha jasi kilichopigwa juzi.

Ndiyo maana swali la "ninunue praima gani?" halifai kuulizwa mbele ya rafu dukani. Jibu lake liko ukutani.

Tuanze na kinachotokea usipopaka praima, yaani tabaka la kwanza linaloutayarisha ukuta kupokea rangi. Lipu kavu ina kiu. Ukipaka rangi ya maji moja kwa moja, lipu inanyonya maji pamoja na ile gundi inayozishika chembe za rangi. Gundi ikishamezwa, kinachobaki juu ni unga unaotoka ukiufuta kwa kitambaa, na baada ya miezi kadhaa rangi inaanza kuachia magamba. Watu husema rangi ilikuwa feki. Mara nyingi rangi haina kosa. Ukuta ndio ulioila.

Kabla ya kufungua pochi, basi, ukague ukuta. Pitisha kiganja kwa kukibonyeza: kikitoka cheupe kama cha mwalimu aliyefuta ubao, lipu inamomonyoka juu. Nyunyiza maji: yakitoweka papo hapo na kuacha doa jeusi, ukuta una kiu, yakitiririka hadi chini, huenda kuna rangi ya mafuta hapo. Sugua kwa sponji iliyolowa: rangi ikigeuka tope, umekutana na rangi ya kizamani ya chaki na gundi ya wanyama, ambayo hupatikana zaidi darini. Hiyo usiipakie kitu juu. Ioshe yote kwa maji ya vuguvugu hadi uione lipu, hata kama itakuchukua siku nzima na mabega yakalalamika. Mwisho, bandika selotepu ukutani, ikandamize vizuri, kisha ivute kwa ghafla. Ikija na rangi, basi hakuna praima itakayoshika kitu ambacho chenyewe hakijashika.

Sasa unaweza kwenda dukani. Rafu zimejaa majina ya kibiashara, maelezo yako kwa Kifaransa na Kiholanzi, na kila kopo linajisifu. Mimi huligeuza na kutafuta mstari mdogo ambao watu wengi hawausomi. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 kuhusu mvuke wa kemikali unaotoka kwenye rangi inalazimisha kila kopo lionyeshe kundi lake kwa herufi, pamoja na kikomo cha mvuke huo kwa gramu kwa lita. A/a ni rangi ya kawaida isiyong'aa ya kuta na dari za ndani. A/g ni praima ya kuziba na kuzuia. A/h ni praima ya kushikamanisha, nyepesi, iliyokusudiwa kuingia ndani ya lipu inayomomonyoka na kuzikamata chembe zake. Kopo likitangaza kuwa ni "rangi na praima kwa pamoja", tazama herufi. Ukikuta A/a, umenunua rangi.

Kosa la kawaida katika nyumba hizi za zamani ni kuchukua A/g, ile nzito nyeupe yenye sura ya kazi, na kuipaka juu ya ukuta unaotoa unga. Inakaa juu ya unga, inapendeza, kisha inabanduka yenyewe pamoja na rangi uliyoilipia. Ukuta wa unga unataka A/h, na unaitaka kwa kipimo. Ipake hadi ukuta uache kunywa, halafu simama. Ikikauka ikang'aa, umezidisha: umejenga kioo, na rangi haishiki vizuri juu ya kioo. Hapo pitisha msasa laini kuuondoa ule mng'ao kabla ya kuendelea.

Madoa ni habari nyingine. Nikotini na yale maduara ya kahawia ya maji yaliyovuja zamani huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo praima nyingi za maji huyavuta hadi juu, na mkono wa pili huyavuta tena. Hapa mimi natumia A/g ya kiyeyushi, inayochanganywa kwa tina. Kikomo chake kisheria ni gramu 350 kwa lita, wakati A/g ya maji ni gramu 30, na tofauti hiyo utaisikia kichwani usipofungua madirisha. Paka palipo na doa na ukingo wake tu, uache pakauke vizuri. Kuta nyingine za chumba hazihitaji adhabu hiyo.

Kwenye jasi mpya na mbao za jasi, shida ni mwanga. Nyumba ya kawaida ya Brussels ni nyembamba, vyumba vitatu vimefuatana kutoka mbele hadi nyuma, na madirisha yapo kwenye ncha hizo mbili tu. Mwanga unazilamba kuta ndefu za ubavuni. Karatasi ya ubao inanyonya tofauti na viungo vilivyozibwa, na usipovisawazisha kwa A/g, kila kiungo kitaonekana kama mshono saa nne asubuhi, hata kama ulipaka rangi mara tatu. Jasi ya kupiga kwa mkono iache kwanza ikauke kabisa. Ikiwa bado ina mabaka meusi, ngoja.

Kisha kuna unyevu unaopanda kutoka chini. Ukiona chumvi nyeupe inachipuka karibu na sakafu, funga kopo. Wajenzi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na anayezitunza nyumba hizo anajua kinachotokea ukuta huo ukizibwa kwa rangi ya mafuta: maji yanakosa pa kutokea, yanasukuma, na lipu inaanguka na rangi yake. Matofali ya Laken yanafanya vivyo hivyo. Tena chokaa au saruji ikiwa bado mbichi, ukali wake hula praima ya mafuta na kuigeuza kitu cha jamii ya sabuni. Tafuta chanzo cha maji kwanza, ukuta ukauke, ndipo tuzungumze praima.

Ukuta uliopakwa rangi ya maji zamani, ulio mzima, msafi na usiotoa unga, hauhitaji praima. Wauzaji hawatakwambia.

Limebaki la risasi, ile metali yenye sumu iliyotiwa kwenye rangi za zamani. Mwaka 1921, mwaka uleule Laken ilipounganishwa na Jiji la Brussels, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo. Nyumba nyingi za hapa zilikuwa zimekwisha simama. Risasi ilitumika zaidi kwenye rangi ya mafuta: milango, fremu, na ile sehemu ya chini ya kuta za korido na jikoni. Katika nyumba ya umri huo usipige msasa mkavu juu ya rangi ya mafuta, wala usiichome kwa moto, na watoto na mjamzito wasiwepo. Kama tabaka limeshika, likwaruze kidogo kwa msasa wa maji, futa tope lote kwa kitambaa utakachokitupa, kisha paka A/g inayoshika juu ya rangi ya mafuta. Kama linabanduka magamba, liache na umwite mtu mwenye vifaa vya kuliondoa bila kutimua vumbi.