Kivuli cha Mlima Mwezini: Sanaa na Sayansi katika Zama za Mwamko

Makala hii inadai kwamba, mwishoni mwa Zama za Mwamko wa Ulaya, sanaa ilikuwa nyenzo ya sayansi, si pambo lake. Mwaka 1609, Thomas Harriot wa Uingereza aliutazama mwezi kwa darubini, akachora mpaka wa nuru na giza uliopindapinda bila kubainisha chanzo chake. Miezi michache baadaye Galileo Galilei, aliyekuwa na ujuzi wa uchoraji, alitambua humo vivuli vya milima. Alikadiria kimo cha milima hiyo kwa kupima umbali wa vilele vilivyomulikwa kutoka mpaka huo, kisha akachapisha michoro yake mwaka 1610. Darubini ilimwonesha kila mmoja. Uchoraji ulimwezesha mmoja kufasiri. Mtaala unaomnyima mwanasayansi uchoraji humpunguzia uwezo wa kuona.