Mawe ya Mpaka katika Kumbukumbu ya Kompyuta

Lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika Maabara za Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, humwamini mno mtungaji wa programu. Mtungaji akihitaji nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta, huita amri ya malloc na kutaja idadi ya baiti anazotaka. Akimaliza haja yake, huirudisha nafasi hiyo kwa amri ya free. Malloc yafanana na afisa ardhi agawaye viwanja, lakini asiyerudi kukagua kama mwenye kiwanja amejenga ndani ya mipaka yake.

Makosa ya aina mbili hutokea mara kwa mara. La kwanza ni kuvuka mpaka: programu imepewa baiti 16, nayo ikaandika katika baiti ya 17. La pili ni kutumia kiwanja kilichokwisha kurudishwa, ambacho huenda amekwisha kupewa mwingine. Aghalabu makosa hayo hayatoi ishara yoyote papo hapo. Programu huendelea na kazi, na madhara hujitokeza baadaye, mbali na chanzo chake.

Ndiyo maana wataalamu wakabuni ukaguzi. Njia mojawapo ni kuweka mawe ya mpaka, yaani thamani zinazojulikana kandokando ya kila kiwanja. Zikikutwa zimebadilika, mvamizi amekwisha kupita. Katika mifumo ya Linux itumiayo maktaba ya glibc, ukaguzi wa namna hii huwashwa kwa kuipa MALLOC_CHECK_ thamani isiyo sifuri kabla ya kuendesha programu. Tangu toleo la 2.34 la mwaka 1921+100, yaani 2021, sharti pia ipakiwe maktaba ya pekee iitwayo libc_malloc_debug.

Ukaguzi mkali zaidi ni AddressSanitizer, uliotangazwa na watafiti wa Google mwaka 2012. Huwashwa kwa kuongeza -fsanitize=address wakati wa kutafsiri programu kwa GCC au Clang. Kwa kila baiti 8 za kumbukumbu huwekwa baiti 1 ya daftari, nayo husomwa kabla ya kila tendo. Kosa likitokea, programu husimamishwa na mstari wenye kosa hutajwa. Gharama yake ni mwendo: watafiti hao walipima ongezeko la wastani la asilimia 73 katika muda wa kuendesha programu. Kwa hiyo hutumiwa hasa wakati wa majaribio.

Madhara ya kupuuza mipaka yalidhihirika tarehe 7 Aprili 2014, ilipotangazwa kasoro iitwayo Heartbleed katika OpenSSL, programu inayolinda siri za mawasiliano. Mtumaji alitaja urefu wa ujumbe wake, nayo programu ikamwamini bila kupima. Hivyo aliweza kurudishiwa hadi takriban kilobaiti 64 za kumbukumbu isiyo yake. Mwezi huohuo, Mamlaka ya Mapato ya Kanada ilieleza kwamba nambari za bima ya jamii za walipakodi wapatao 900 zimeibwa.

Lipo funzo jingine. OpenSSL ilikuwa na ghala lake lenyewe: vipande vilivyotumika havikurudishwa kwa malloc, bali viligawiwa upya humohumo. Hivyo hata mfumo wa OpenBSD, uliokuwa na ukaguzi wake, haukuweza kuona yaliyotendeka ndani. Waliojaribu kulizima ghala hilo waligundua kwamba miunganisho ilikatika, kwa kuwa kosa jingine, la kutumia kiwanja kilichorudishwa, lilikuwa limejificha nyuma yake.

Mwalimu aweza kulithibitisha jambo hili darasani. Wanafunzi watunge programu iombayo baiti 16 na kuandika ya 17. Waiendeshe kwanza bila ukaguzi, kisha kwa AddressSanitizer. Mara ya kwanza yaelekea kimya kitatawala. Mara ya pili kosa litatajwa kwa mstari wake. Kimya cha programu si ushahidi wa usahihi wake.