MERCEDES YA ZAMANI, FUNDI MZIMA
Usalama kazini, usalama nyumbani pia



Kazini kila mtu anajua sheria. Haingii mtu chini ya mashine isiyofungwa. Kofia, viatu vya usalama, miwani: ukivisahau, kapita anakurudisha. Lakini siku ya posho mchana, mfanyakazi yuleyule anavaa kandambili, analala chini ya motokari katika lupango lake, na juu ya kifua chake kuna kriki moja tu. Hapo hakuna kapita. Kuna watoto wanaotazama.

Leo tunasema juu ya kazi ambayo wengi wanaipenda: kufufua motokari ya Kijerumani ya zamani. Tumechagua Mercedes 200 D, 240 D na 300 D za aina ya W123, kwa sababu zinajulikana Afrika nzima. Moroko zilifanya kazi ya teksi miaka mingi. Aina hiyo ilianza mwaka 1976, na zile za milango minne zilikwisha kutengenezwa mwaka 1985. Ukihesabu aina zote za bodi, zilitoka karibu 2,700,000. Moteri yake ya mazutu haina kompyuta. Mtu mwenye funguo, akili na subira anaweza kuifungua nyumbani.

Ni kazi nzuri. Baba anakaa karibu na jamaa yake, watoto wanajifunza ufundi, na siku ya pensheni motokari inaweza kuleta chakula. Lakini chuma hicho kina uzito wa kilo karibu 1,400, na hakijui kama leo ni siku ya kazi au ya mapumziko.

KRIKI INAINUA, HAISHIKI

Kriki ni ya kuinua tu. Haikutengenezwa kumlinda mtu aliye chini. Tena, katika Mercedes hizi kriki ya safari inaingia katika matundu ya ubavuni, na matundu hayo ni mahali ambapo kutu inapenda kukaa. Rangi inang'aa nje, ndani bati limekwisha. Ukiinua, kriki inapasua bati na motokari inaanguka.

Basi fuata njia hii. Chagua mahali tambarare. Kama ni udongo, tandika ubao mnene. Zuia magurudumu yanayobaki chini kwa vipande vya mti, mbele na nyuma. Inua, kisha weka miguu ya chuma chini ya sehemu ngumu za motokari. Usitumie matofali wala bloki za simenti: zinapasuka ghafula, bila kutoa sauti ya kukuonya. Gurudumu ulilotoa, lilaze chini ya ubavu wa motokari. Miguu ikishindwa, gurudumu litakuachia nafasi ya kupumua. Mwishoni, sukuma motokari kwa mikono miwili kabla ya kuingia. Kama itaanguka, ianguke wewe ukiwa nje.

UFUNGUO MFUKONI

Kazini tunafunga mashine kwa kufuli ili mwingine asiiwashe. Nyumbani kufuli yako ni mfuko wako: ufunguo usibaki ndani ya motokari. Mtoto anayecheza dereva anaweza kuwasha moteri wakati vidole vyako viko kwenye mkanda. Ondoa pia waya wa batri, ule wa alama ya kutoa (–) kwanza. Unaporudisha, huo uwe wa mwisho.

Kuna jambo jingine la Mercedes za mazutu. Moteri yake inazimwa kwa nguvu ya kunyonya hewa katika mipira myembamba. Mpira ukipasuka, unazungusha ufunguo, lakini moteri inaendelea kuzunguka. Chini ya boneti kuna kishikio kilichoandikwa STOP. Ukikibonyeza, moteri inakufa. Mwonyeshe na mwenzako anayekusaidia. Usitie mkono karibu na feni mpaka macho yako yameona kwamba imesimama.

RESORI NA SINDANO ZA MAZUTU

Resori ya mbele imebanwa kwa nguvu kubwa sana. Mtu akifungua boloni bila chombo maalumu cha kuibana, resori inaruka kama risasi. Kama huna chombo hicho, kazi hiyo mpe fundi wa garaji. Hakuna haya katika jambo hilo.

Sindano zinazotia mazutu katika moteri zinafunguka kwa nguvu inayopita bari 100. Usipime kamwe kwa kidole kama sindano inatoa. Mazutu inapenya ngozi na kuingia ndani ya nyama. Kidonda kinafanana na mchomo wa mwiba, na maumivu ya kwanza ni madogo, lakini mkono unaweza kuoza. Ukipata ajali hiyo, nenda hospitali saa ileile, na mwambie munganga kwamba ni mazutu iliyoingia kwa nguvu.

VUMBI LA FRENI

Sisi watu wa mgodi tunajua vumbi. Kwa sababu hiyo tunatoboa mwamba kwa maji. Motokari za miaka ile zilitoka na freni zenye amianti, na piesi za zamani zenye amianti zinaweza kuwamo bado. Nyuzi zake hazionekani, zinakaa katika mapafu, na ugonjwa wake wa kansa unaweza kutokea baada ya miaka 20, 30 au 40. Usipulize vumbi hilo kwa mdomo wala kwa kompresa. Lilowanishe kwa maji, lipanguse kwa kitambaa chenye maji, tia kitambaa katika mfuko na ufunge. Nguo za kazi hiyo zisichanganywe na nguo za watoto.

MOTO

Kutu inashambulia bati chini ya batri, na shimo la gurudumu la akiba nyuma. Watu wengi wanataka kuchomelea hapo mara moja. Lakini tangi ya mafuta iko nyuma ya kiti cha nyuma, karibu sana. Ondoa tangi kwanza, uipeleke mbali. Usiamini tangi tupu: katika zile za esansi, mvuke uliobaki ndani unalipuka kuliko esansi yenyewe. Usioshe piesi kwa esansi karibu na mbabula ambapo mama anapika. Weka karibu kizima-moto, au ndoo mbili za mchanga. Maji yanatawanya mafuta yanayowaka.

Batri nayo inatoa gesi inayolipuka wakati wa kuchajiwa. Usivute sigara hapo. Asidi ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi dakika 20, kisha nenda dispensari.

WATOTO KWANZA

Batri iliyokufa usiivunje katika lupango ili kuyeyusha risasi. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, Senegal, kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, watoto 18 wadogo walikufa kwa sumu ya risasi mahali ambapo watu walikuwa wakifanya kazi hiyo. Risasi ilikuwa katika udongo waliochezea. Batri nzima ipeleke kwa wanunuzi wa batri, bila kuifungua.

Maji ya radiateri yenye dawa ya kuzuia baridi yana utamu, na yanaua figo. Esansi, mazutu na maji hayo yasitiwe kamwe katika chupa ya bia au ya sukre. Tumia kidumu chenye kifuniko, kiandike, na ukiweke juu. Mtoto akinywa esansi au mazutu, usimtapishe: inaweza kuingia katika mapafu. Mkimbize hospitali pamoja na kile kidumu.

Rangi ya kisasa inayochanganywa na dawa ya kugandisha isipulizwe nyumbani. Ina isosianati zinazoleta pumu, na kitambaa puani hakizuii kitu. Kazi ya mwisho iache kwa wenye chumba cha rangi na vyombo vya kupumulia.

NENO KWA MAMA WA NYUMBA

Mama, wewe ni kapita wa usalama wa lupango. Baba akienda chini ya motokari, mtu mzima mmoja awe karibu, anayeweza kusikia akiitwa. Uliza maneno matatu: Miguu ya chuma iko wapi? Ufunguo uko wapi? Watoto wako wapi? Kama jibu moja linakosekana, kazi isimame.

Mercedes imengoja miaka 40. Inaweza kungoja posho nyingine. Kutu itapata dawa, na piesi zitapatikana. Lakini baba hana piesi za kubadili.

USALAMA HAUKOMI KWENYE MLANGO WA KAZI: UTEMBEE NAO MPAKA NYUMBANI.