Sabufa inapotetemesha kabati

WAKAZI wa Geita hawahitaji mwalimu wa fizikia kuwaeleza kwamba mtetemo husafiri. Tangu mgodi mkubwa wa dhahabu wa eneo hilo ulipoanza uzalishaji mwaka 2000, baruti imekuwa ikilipuliwa machimboni, na walio jirani huusikia mshindo kwa miguu kama wanavyousikia kwa masikio. Kwa wachimbaji wadogo nako, karasha linaposaga mawe, ardhi inayolizunguka hutetemeka.

Jambo hilo hilo, kwa kiasi kidogo, hutokea sebuleni. Sabufa huwekwa juu ya kabati la vyombo, muziki hufunguliwa, na mara glasi huanza kugongana. Mwenye nyumba huamini amepata besi nzito. Kwa hakika, sehemu kubwa ya anachokisikia ni kabati.

Utando wa spika unaposukuma hewa mbele, boksi lake nalo husukumwa nyuma kwa nguvu ile ile; ndiyo kanuni ya tatu ya Newton. Boksi lililokaa moja kwa moja juu ya ubao huukabidhi ubao huo mtetemo wake, na ubao mpana na mwembamba hugeuka ngoma. Hulia kwa sauti yake yenyewe, huchelewa kunyamaza, na huyafunika maneno ya mwimbaji.

Dawa yake ni miguu laini chini ya boksi. Ipo inayouzwa madukani, lakini vipande vinne vya raba vilivyokatwa kwenye ndala kuukuu vinatosha kwa kuanzia. Muhimu ni kubonyea. Raba hufanya kazi kama springi: ikiwa ngumu mno hupitisha mtetemo kana kwamba haipo, ikiwa laini mno boksi huyumba. Ndiyo maana raba inayolifaa boksi zito hailifai jepesi. Weka kiganja juu ya kabati kabla na baada. Mkono utakupa jibu mapema kuliko sikio. (Vitambaa vya kufuma, pamoja na uzuri wake, havisaidii kitu hapa.)

Wapo wanaouziwa miguu ya chuma yenye ncha kali. Hiyo hulishikilia boksi lisiyumbe, lakini haizuii mtetemo. Na kama sabufa imekaa kwenye sakafu ya saruji iliyomwagwa juu ya ardhi, usitarajie mabadiliko makubwa, kwani sakafu ya namna hiyo haitetemeki kirahisi.

Kwa jirani, hasa katika nyumba za kupanga ambazo kuta za vyumba hazifiki kwenye bati, raba haina msaada mkubwa. Besi humfikia kwa njia ya hewa. Hapo kilichobaki ni kupunguza sauti, na asiyetaka kupunguza anangojwa na kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.