Kuchagua Mashine ya Betri ya Kufungia Skrubu kwa Seremala wa Nyumbani



Maombi ya vifaa yanayotufikia kutoka parokiani yamebadilika. Zamani vijana waliomaliza mafunzo ya useremala waliomba randa, msumeno, patasi na nyundo. Siku hizi wengi huongeza mashine ya betri ya kufungia skrubu, ile inayogonga, ambayo hapa tutaiita impakti. Bei yake ni kubwa kuliko ya kifaa cha mkono, na fedha tunazotumia ni sadaka za watu. Kwa sababu hiyo tumeona vema kueleza mashine hii inafanya nini, nani anaihitaji, na mambo ya kuangalia kabla ya kununua.

Inavyofanya kazi

Ndani ya impakti mna nyundo ndogo ya chuma inayozungushwa na mota. Skrubu ikiwa bado nyepesi, mashine huzunguka tu kama drili. Skrubu ikianza kukaza, nyundo hurudi nyuma kwenye springi yake, kisha hugonga kwa kuelekea upande wa mzunguko. Mapigo hayo yanaweza kufika 3,000 au zaidi kwa dakika. Kwa hiyo mkono wa fundi haupindwi, na biti haichomoki ovyo kwenye kichwa cha skrubu.

Nguvu ya kuzungusha hupimwa kwa nyutoni-mita. Drili ya kawaida ya volti 18 mara nyingi huwa na kama 50 hadi 60. Impakti ya volti hizo hizo mara nyingi hufika 150 au kuzidi. Isichanganywe, hata hivyo, na drili ya kutobolea zege, ambayo hugonga kwenda mbele. Impakti haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Nani anaihitaji?

Fundi anayeunga viti na meza kwa kuchonga ulimi na tundu lake, kisha kutia gundi, hana haja nayo. Huyo tumpe patasi nzuri na jiwe la kunolea. Anayeihitaji ni yule anayefunga skrubu ndefu nyingi kwa siku: fremu za milango, vitanda, rafu nzito, au mabati ya kuezekea.

Kwa bawaba na makabati, drili ni bora zaidi. Drili ina pete ya kupangia nguvu, ambayo huiachia skrubu inapofika mahali pake. Impakti nyingi hazina pete hiyo, na zinaweza kukata skrubu nyembamba au kuzamisha kichwa chake ndani ya mbao. Tena, kwa mbao ngumu kama mninga na mkongo, ni lazima kutoboa kwanza, hata kama mashine ina nguvu. Kwa skrubu ya milimita 4, tundu la karibu milimita 3 linafaa. Mbao laini za paini huvumilia zaidi, ila hata hizo hupasuka zikifungwa karibu na ncha.

Ushauri wetu basi ni huu: fedha zikitosha mashine moja tu, nunueni drili, kwa maana hutoboa na kufunga pia. Impakti ije ya pili, tena iwe ya kutumia betri zile zile.

Betri na chaja

Mashine nyingi za sasa hutumia betri za lithiamu, ambazo zilianza kuenea katika vifaa vya ufundi kuanzia mwaka 2005. Msishawishike na maandishi ya "volti 20" badala ya 18. Betri zote mbili huwa na seli tano kwa mfululizo. Moja imeandikwa volti za seli zilizojaa, nyingine volti za kawaida za kazi.

Kinachotofautisha ni ampea-saa. Zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa: betri ya 18 kwa 2 ina wati-saa 36, na ya 18 kwa 5 ina 90. Kwa fundi wa nyumbani, betri mbili ndogo mara nyingi zinafaa kuliko moja kubwa, kwani moja hufanya kazi wakati nyingine inachajiwa.

Kijiji kisicho na umeme wa gridi kiangalie chaja kwanza. Kujaza wati-saa 90 kwa dakika 45 kunadai wati 120, bila kuhesabu umeme unaopotea njiani. Inveta ndogo ya sola inaweza kushindwa. Chaja ya polepole itafaa zaidi hapo.

Kwa wafadhili wetu walio ng'ambo

Tunawashukuru wanaoleta mashine kwa mkono. Tunaomba mkumbuke kwamba umeme wa Tanzania ni volti 230. Chaja ya Marekani iliyoandikwa volti 120 peke yake itaungua hapa. Betri za akiba husafirishwa kwenye mzigo wa mkononi, si ule unaokabidhiwa uwanjani, na zisizozidi wati-saa 100 ndizo zenye usumbufu mdogo. Mara nyingi ni heri kutuma fedha, mashine inunuliwe nchini kwa wakala mwenye risiti na dhamana, ili betri ya pili ipatikane hapa hapa.

Maswali kwa kamati kabla ya kupitisha ombi

1. Kijana anatengeneza nini kila wiki, na anafunga skrubu ngapi?
2. Je, anayo drili tayari?
3. Atachaji wapi, na kwa gharama ya nani?
4. Betri zake zinaingiliana na za mafundi wengine wa kikundi?
5. Je, bajeti ina biti imara za impakti, miwani ya kazi na vizibo vya masikio? Kelele zake ni kubwa.
6. Betri ikichoka, akiba ya kununua nyingine itatoka wapi?

Swali la sita ndilo linalosahaulika zaidi. Mashine isiyo na betri hubaki pambo kabatini, na kijana hurudi kuomba. Kikundi kikiweka kando sehemu ndogo ya malipo ya kila kazi, zawadi ya mfadhili itaendelea kuzaa matunda.

Kwa maombezi ya Mtakatifu Yosefu, aliyekuwa seremala, Mungu abariki kazi za mikono ya vijana wetu.